Mbuzi Ameshaliwa

Shahidi wa saba naye alisema marehemu "alikuja kwa kasi akiwa amenyanyua panga juu ya bega la kulia." Inspekta Dominika Tesha aliusoma mstari huo, akafunga jalada, akalifungua tena kama vile maandishi yangekuwa yamejirekebisha yenyewe. Hayakujirekebisha. Watu saba walikuwa wamesimama sehemu saba za uwanja wa shule, mmoja wao nyuma ya choo kwa maelezo yake mwenyewe, na wote waliona bega lile lile na kulieleza kwa maneno yale yale. Hata Wimbo wa Taifa watu saba hawauimbi kwa kufuatana namna ile.

"Wamekaririshwa," alisema.

"Na wamekariri vizuri, afande," alisema Sajenti Ezra, ambaye alikuwa akipuliza chai. Ezra alikuwa mtu wa Dodoma, wa makamo, aliyehamishiwa Moshi miaka mingi nyuma na hajawahi kuacha kulalamikia baridi. "Tatizo ni kwamba hakuna aliyekariri upande wa pili."

Hilo ndilo lililokuwa likimkereketa Dominika wiki nzima. Kesi yenyewe haikuwa na fumbo. Siku ya kura za maoni za udiwani kule Kilema, chama kile kile kimoja kiligawanyika kambi mbili, wafuasi wa mgombea Mathew huku na wa mgombea Elisifa kule, na kura hazijamaliza kuhesabiwa bastola ikalia. Aliyekufa alikuwa Thadeus Temba, fundi seremala, kijana wa kambi ya Elisifa. Risasi moja, kifuani. Aliyempiga hakukimbia wala hakukana. Wenseslaus Mlay, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Njoro na mpiga debe mkuu wa Mathew, aliendesha gari mwenyewe mpaka kituoni, akaweka bastola yake mezani na leseni juu yake, akasema amejitetea. Kisha akatoa cheti cha daktari kuhusu kisukari chake, akadhaminiwa, akaenda kula chakula cha jioni nyumbani.

Tangu hapo kila mtu alikuwa na la kusema isipokuwa lile lililohitajika. Kambi ya Mathew ilisema Thadeus alikuwa mhuni wa kukodiwa. Kambi ya Elisifa ilichapisha fulana zenye picha yake kabla udongo wa kaburi haujakauka, lakini Dominika alipowafuata wavaaji wa fulana hizo mmoja mmoja, kila mmoja alikuwa ameangalia pembeni wakati bastola inalia. Asubuhi hii ofisi ya mashtaka ilikuwa imerudisha jalada. Kwa ushahidi uliopo, mtuhumiwa alijitetea. Saa tisa alasiri jalada lifungwe na bastola arudishiwe mwenyewe, kwa kuwa ina leseni halali.

"Mlete," alisema Dominika.

Wenseslaus aliingia na wakili wake. Alikuwa mtu mnene wa miaka hamsini na kitu, shati limepigwa pasi, uso umetulia. Wakili Khyati, mwanamke mwembamba ambaye ofisi yake ilikuwa ghorofa ya juu karibu na soko, alivuta kiti na kutoa kalamu kabla hajakaribishwa.

Dominika alilisukuma panga mezani, ndani ya mfuko wake wa nailoni.

"Hili ndilo ulilookota pembeni ya maiti?"

"Sikuliokota mimi. Waliliokota watu."

"Halijawahi kunolewa. Lina mafuta ya kiwandani mpaka kwenye ncha. Bwana Mlay, wewe ni mtu wa Kilema. Mtu gani wa Kilema anakwenda kukata hata jani la mgomba na panga la dukani ambalo halijaguswa na tupa?"

"Muulize mwenye nalo."

"Amekufa."

"Ndiyo hivyo."

"Mteja wangu," alisema Khyati kwa upole, "hakuwa na wajibu wa kukagua makali kabla ya kujitetea."

Dominika alimtazama, akamezea. "Unauza mapanga ya aina hii dukani kwako?"

"Mimi na kila duka kuanzia Njoro mpaka Himo. Tunachukua kwa Alnoor sote."

Dominika alikuwa amekwisha kuliuliza hilo. Alnoor, muuzaji wa jumla, alicheka kwenye simu, akasema mapanga yale ameyauza mkoa mzima, hata kwao Inspekta huko Rombo, na kama anataka kumkamata kila aliyenunua basi aanze na paroko. Panga lilikuwa limeishia hapo. Siku nzima imepotea kwa ajili ya panga, na panga halikuwa na la kusema.

"Ulikuwa ndani ya gari au nje?"

"Ndani. Dirisha limeshushwa. Nilitaka kuondoka. Akaja kwa kasi akiwa amenyanyua panga juu ya—"

"Juu ya bega la kulia. Najua." Dominika aliikunja karatasi iliyokuwa mbele yake bila sababu yoyote. Kisha akauliza swali ambalo halikuwa kwenye orodha, kwa sababu ya hasira tu. "Hivi wafiwa uliwapa pole? Mama wa watu amezika mtoto."

Wenseslaus alimwangalia wakili wake, akaangalia ukuta.

"Yale ni mambo ya kwetu," alisema.

"Yapi?"

"Inspekta," alisema Khyati, "pole siyo kosa la jinai. Saa tisa tutakuwa hapa kuchukua kilicho chetu."

Walipotoka, Dominika alibaki akiutazama mlango. Mtu aliyekuwa na majibu ya bega, ya dirisha na ya panga, alikuwa amekwama kwenye pole.

"Gari lina mafuta?" alimuuliza Ezra.

"Ya kwenda yapo. Ya kurudi tutayajadili huko huko."

*

Waliacha lami, wakapanda. Barabara ilikuwa ya mawe na Ezra aliendesha kama mtu anayelipiza kisasi kwa springi. Huku na huku kulikuwa na migomba, chini yake kahawa, na mifereji ya maji ikipita kando ya njia. Mabango ya Mathew na Elisifa yalikuwa bado yamebandikwa kwenye miti ile ile, mengine juu ya mengine, wagombea wote wawili wakitabasamu. Dominika aliyaangalia mpaka akachoka, akafumba macho.

Nyumba ya Mektrida, mama yake Thadeus, ilikuwa ndani kabisa ya kihamba, shamba la migomba la ukoo, mbali na njia. Karakana ya marehemu ilikuwa pembeni, mbao zimeegeshwa na kitanda kimoja kimebaki bila miguu. Mama mwenyewe alikaa kwenye kigoda nje ya jiko akimenya ndizi za machalari. Kwenye benchi alikaa Mzee Fabian Temba, mkubwa wa ukoo, na kata ya mbege, pombe ya ndizi, mkononi.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu mzee. Mama alijibu kwa kichwa tu, kisu hakikusimama. "Karibuni. Lakini mmechelewa. Mbuzi ameshaliwa."

"Hatukuja kula, mzee," alisema Ezra kwa heshima. "Tumekuja kikazi."

Dominika alishusha pumzi ndefu. Alikuwa ameelewa, na alitamani asingeelewa.

"Hakuambii habari ya chakula, Ezra. Anakuambia wamepokea isale."

Ezra aliwatazama wote wawili akisubiri. Ikabidi Dominika amweleze pale pale, mbele ya mwenye mila, jambo ambalo lilikuwa aibu kidogo. Isale ni lile jani refu la kijani linalopandwa kwenye mipaka ya vihamba na juu ya makaburi. Aliyekosa hulikata, akalifunga fundo, akaja nalo kwa aliyemkosea pamoja na mkubwa wake, mbuzi na mbege. Likipokelewa, mbuzi akaliwa, neno limekwisha. Hakuna wa kudai tena, na anayelifukua amewachezea wafu wa ukoo. Baba yake Dominika aliwahi kumsamehe kwa isale mtu aliyechoma nyumba yao, na mpaka anakufa hakuwahi kulitaja jina la moto ule.

"Serikali haipokei isale, baba," alisema.

"Serikali haikufiwa."

"Alikuja lini?"

"Kabla ya mazishi. Tungezikaje na neno liko wazi? Alikuja na baba yake mkubwa. Wenseslaus mwenyewe alisimama langoni mpaka alipoitwa. Mtu wa adabu."

"Mtu wa adabu," alirudia Dominika.

"Samahani, mzee," alisema Ezra, akikuna shingo. "Mimi ni mtu wa mbali, mnisamehe. Huyu bwana anasema alijitetea. Mtu aliyejitetea anaomba msamaha wa nini?"

Mzee Fabian alikunywa mbege polepole kuliko ilivyohitajika. Dominika alimgeukia Ezra, kisha akamgeukia mzee, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo alihisi kitu kinachofanana na uzi mkononi.

"Kwetu Rombo," alisema, "isale halipokelewi likiwa bubu. Anayeomba hutaja kosa lake kwa kinywa chake mbele ya wenye mtoto, kama lilivyo. Ninyi hapa mnafanyaje?"

"Vivyo hivyo."

"Kwa hiyo alitaja."

"Alitaja."

"Alitaja nini?"

"Kinachotajwa juu ya isale hukaa kwenye isale."

"Na nani walikuwepo?"

"Ukoo."

"Ukoo mzima?"

"Watu wazima wote. Ndiyo desturi."

Dominika alisimama, akatembea mpaka kwenye karakana, akarudi. "Baba, nimezunguka kijiji hiki wiki nzima. Nimekaa kwenye benchi hilo hilo. Nimeuliza kila mtu wa ukoo wa Temba kama amesikia lolote, na kila mmoja amenijibu hakusikia kitu. Kumbe ukoo mzima ulikaa hapa ukamsikiliza muuaji akieleza alivyoua."

"Uliuliza habari za uwanjani. Hukuuliza habari za isale."

Hilo lilimuudhi kuliko yote, kwa sababu lilikuwa kweli. Mzungu angesahau kuuliza. Ezra angesahau. Yeye, mtoto wa kihamba, alikuwa amehangaika na mafuta ya panga.

"Kwa nini atudanganye sisi asiwadanganye ninyi?"

"Ukidanganya polisi unarudi nyumbani kulala," alisema mzee. "Ukidanganya juu ya isale, uongo unakufuata nyumbani, unakaa kwa watoto wako. Wenseslaus ana watoto watano. Siyo mjinga."

"Naweza kukuletea hati ya kuitwa mahakamani."

"Lete. Nitakwenda nikae kimya mpaka nife. Umri ninao."

Hakusema kwa jeuri. Hilo ndilo lililomchosha Dominika: mzee hakuwa na hila wala hofu ya Mlay. Alikuwa tu ameshika sheria yake, kama yeye alivyoshika ya kwake, na sheria mbili zilikuwa zimekaa kwenye benchi moja zikitazamana. Saa yake ilionyesha kwamba wakichelewa zaidi Wenseslaus atatia saini ya kuchukua bastola bila wao kuwepo.

Aliinama kwa mama.

"Mama Mektrida. Isale lile ulilipokea kwa mkono wako?"

Ganda la ndizi lilidondoka kwenye beseni. Mzee ndiye aliyejibu. "Nililipokea mimi kwa niaba yake. Mama alikuwa analia."

"Sikuwa nalia," alisema Mektrida.

Sauti yake ilikuwa kavu. Hakuinua uso.

"Nilikuwa nimekaa pale, mikono nimeikunja chini ya kanga. Uliniona, shemeji. Ulisubiri, ukaona siitoi, ukanyoosha wa kwako."

"Nilifanya kwa ajili ya amani, Mektrida." Mzee aliweka kata chini. "Stella."

Alitaja jina hilo tu, na kisu cha mama kikaanza tena. Dominika hakuhitaji kuuliza sana. Stella alikuwa binti pekee wa Mektrida, dada wa marehemu, na kwenye karatasi za familia alizozikusanya mwanzoni aliona kwamba ameolewa na mdogo wake Wenseslaus, wanaishi mtaa wa Soweto, Moshi mjini, watoto wawili. Mabinti wengine wa ukoo walikuwa kwa akina Mlay vilevile. Isale likirudishwa, hakuna kuzikana, hakuna kutembeleana, hakuna kula pamoja Krismasi. Mwanamke aliyeolewa upande ule atakuwa amelala nyumba moja na adui, na wao watamfanya alijue hilo kila siku mpaka aondoke mwenyewe.

"Anamtegemea huyo mume," alisema mzee. "Mmoja tumeshamzika. Unataka kumpoteza na wa pili?"

Dominika alikasirika. Alimkasirikia mzee, akamkasirikia Wenseslaus, na zaidi alijikasirikia mwenyewe kwa alichokuwa anataka kufanya. Lakini alikifanya, kwa kuwa mama alikuwa na haki ya kujua kilichoandikwa. Alifungua jalada.

"Mama, naomba nikusomee mstari mmoja. Hivi ndivyo ilivyoandikwa: 'Marehemu, ambaye ndiye mvamizi, alifariki papo hapo.'"

Kisu kilisimama.

"Mvamizi ni nani?"

"Ni Thadeus, mama."

"Thadeus alivamia nani?"

"Kwenye karatasi hizi alimvamia Wenseslaus kwa panga. Jalada linafungwa saa tisa leo. Likifungwa, atabaki hivyo."

"Mpaka lini?"

"Moja kwa moja."

Mektrida alinawa mikono kwenye maji ya ndizi, akajifuta kwa kanga, akaingia ndani. Walimsikia akiburuta kitu. Alipotoka alikuwa amevaa viatu vya kanisani, na mkononi ameshika jani lililokuwa limefungwa fundo, ncha zimeanza kukauka.

"Liliwekwa nyuma ya kabati langu bila mimi kuulizwa," alisema. "Nimelala nalo chumba kimoja siku zote hizi. Gari lenu lina nafasi?"

"Mektrida," alisema mzee. "Fikiri."

"Nimefikiri. Nilikuwa nafikiri wakati ninyi mnakula mbuzi."

Mzee Fabian alitazama kata yake, akatazama gari la polisi, akatoa mguno wa mtu ambaye siku yake imeharibika kabisa. Kisha akasimama na kudai koti lake. Isale halirudishwi na mwanamke peke yake kama sufuria ya kuazima, alisema; lililopokelewa na mkubwa hurudi mkubwa akiwepo, na kama wanakwenda kufanya upumbavu basi angalau waufanye kwa utaratibu. Alilalamika mpaka Himo, akalala, akaamka Moshi na kuendelea pale alipoishia.

*

Wenseslaus alikuwa amekwisha kukaa. Fomu ya kupokea silaha ilikuwa mbele yake, bastola pembeni ndani ya bahasha, na Khyati alikuwa akimwonyesha pa kutia saini. Mlango ulipofunguliwa aliinua macho, akamwona Mektrida, akasimama upesi mpaka kiti kikaanguka.

"Mama. Shikamoo."

Mektrida hakuitikia. Katika miaka yote Dominika aliyoishi mlimani hakuwahi kuona mama mtu mzima akiiacha shikamoo idondoke hivyo. Alikwenda mpaka mezani na kuliweka jani juu ya fomu.

"Nimekurudishia."

"Hiki ni nini?" aliuliza Khyati. "Inspekta, hapa ni kituo cha polisi. Mama, pole sana kwa msiba, lakini—"

"Mama, lichukue," alisema Wenseslaus. Alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani. "Tulimaliza. Mliniambia tumemaliza. Mama, nina watoto."

"Na mimi nilikuwa nao."

"Kaa kimya, Bwana Mlay," alisema Khyati. "Usiseme neno."

Wenseslaus alitii, na Dominika aliona hatari ya hilo mara moja. Hofu ya mtu haiingii kwenye jalada. Jani haliingii. Angeandika nini, kwamba mtuhumiwa alijibanza ukutani? Wakili yeyote angelitupa nje, na huyu hakuwa wakili yeyote. Aligeuka kwa Mzee Fabian, aliyekuwa amesimama mlangoni akifunga vifungo vya koti ingawa kulikuwa na joto.

"Baba. Isale limerudi, au halijarudi?"

Mzee hakupenda kuulizwa. Alilitazama jani lile kwa muda, akamtazama shemeji yake, kisha akavuta kiti kilichoanguka, akakisimamisha na kukikalia.

"Nililipokea vibaya," alisema. "Mwenye uchungu hakutoa mkono, mimi nikatoa. Kosa ni langu na nitalijibia kwetu. Limerudi. Na likirudi, yaliyosemwa juu yake hayana tena pa kukaa." Alimnyooshea Ezra kidole. "Wewe mwenye kalamu. Andika, maana sitasema mara mbili."

"Napinga," alisema Khyati.

"Pinga mahakamani, wakili," alisema Dominika. "Endelea, baba."

"Alisema hivi, amesimama, isale mkononi. Mtoto wenu Thadeus hakuwa na kitu mikononi. Alisimama mbele ya gari langu, akapiga boneti kwa viganja, akasema Wenseslaus leo hupiti. Watu wakanicheka. Nikatoa bastola nikampiga. Panga lilitolewa baadaye kwenye buti la gari langu, nilikuwa nimebeba mzigo wa dukani. Akasema, nimewakosea, nisameheni. Basi. Alisema hayo mbele ya watu wazima wa ukoo wa Temba, na baba yake mkubwa akiwa bega kwa bega naye."

Ezra aliandika mpaka mwisho, kalamu ikikwaruza.

"Walikucheka," alisema Dominika. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi wa shamba, kwa kisasi cha zamani, kwa mwanamke. Kumbe ni kicheko tu, na hilo nalo lilimkasirisha.

"Huo ni uvumi," alisema Khyati, ingawa kalamu yake ilikuwa imesimama.

"Ni ungamo mbele ya raia. Hakuna askari aliyekuwepo, hakuna aliyemtisha, alikwenda kwa miguu yake na mbuzi wake. Sheria hiyo unaijua kuliko mimi."

Khyati aliijua. Alikaa kidogo akitazama fomu ambayo mteja wake hakuwahi kuitia saini, kisha akageuka.

"Bwana Mlay. Jambo ni dogo. Mwambie Inspekta kwamba hukusema hivyo."

Wenseslaus alifungua mdomo. Macho yake yalikuwa kwenye meza.

"Liondoeni kwanza," alisema.

"Liko sawa hapo," alisema Dominika.

"Siwezi, wakili. Liko hapo."

Khyati alifunga kalamu yake na kuirudisha kwenye mkoba. Alisema atahitaji muda wa kuzungumza na mteja wake faraghani, na safari hii alisema "naomba." Dominika aliichukua bahasha yenye bastola, akaifungia kabatini, akamwambia Wenseslaus kwamba yuko chini ya ulinzi kwa kosa la kumuua kwa kukusudia Thadeus Temba, na cheti cha kisukari atakikabidhi kwa daktari wa gereza. Kisha akapiga simu juu, akajibiwa kwa ukali kwamba ilikuwa imebaki kidogo jalada lifungwe, akasema ndiyo afande, ilikuwa imebaki kidogo kweli.

Maelezo ya Mektrida yalichukuliwa mwisho. Hayakuwa marefu. Alipopewa asaini alikataa kwanza, akataka asomewe yote, akasikiliza huku kidole kikiifuata mistari ambayo hakuwa na miwani ya kuisoma.

"Lile neno halimo?"

"Halimo, mama. Imeandikwa marehemu Thadeus Temba, fundi seremala."

Akasaini. Mzee Fabian alikuwa ameshatoka nje na kuanza kumweleza Ezra kwamba ni lazima warudishwe Kilema kwa gari lile lile, na Ezra alikuwa akimweleza habari ya mafuta. Mektrida alitoa simu ndogo kutoka kifundo cha kanga, akabonyeza, akasubiri muda mrefu ikiita.

"Stella," alisema. "Wameshakuambia? ... Basi usingoje wakuambie. Anza kufunga vitu, chukua watoto, njoo nyumbani. Chumba cha kaka yako kiko wazi."